Umefika Wapi?

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniuliza, macho yakiwa kwenye simu: "Babu, huyo Bwana Msa alikuwa akiimba taarab?" Nilikuwa nimemtaja tu, kama mtu anavyomtaja jirani. Sikujibu. Nilivaa makubadhi nikateremka mpaka Kiponda kuangalia kama duka la Ami bado lipo. Lipo. Linauza sumaku za kubandika kwenye friji na mikoba ya kanga.

Ami hakuwa ami wa damu. Mtaa mzima tukimwita hivyo. Duka lake lilikuwa na upana wa mlango mmoja, na miaka ile ya foleni rafu zake zilikuwa na viberiti, chumvi na vumbi. Kwake tulifuata mafuta ya taa. Pipa lilikaa nyuma ya meza, na kila kilichomo mle, hata kashata, kilinuka mafuta ya taa. Kitabu nacho kilinuka vivyo hivyo.

Kilikuwa Kisima cha Giningi, hadithi ya mpelelezi Bwana Msa, cha Muhammed Said Abdulla, mwana wa Makunduchi. Ndani kimeandikwa 1968. Mimi nilikuwa tayari kuapa kwamba tulikisoma mwaka huohuo, lakini dada yangu anashikilia kuwa yeye alikuwa keshaolewa, kwa hiyo ni 1970 au 71. Na iwe.

Nakala ilikuwa moja. Ami aliivisha gamba la karatasi ya kaki, akaiweka kwenye mtoto wa meza pamoja na pesa. Daftari lake la deni lilikuwa na sukari na sabuni za watu kwa mbele. Ukiligeuza nyuma, unakuta orodha ya wasomaji. Kila mtu siku nne. Anayechelewesha hakopeshwi mafuta. Walitangulia wakubwa: maalim wa skuli, fundi cherahani, na kuli mmoja wa bandarini asiyejua kusoma, ambaye mkewe alikuwa akimsomea usiku. Hapo pakazuka ubishi, wale wahesabiwe zamu moja au mbili? Ami akaamua moja, kwa kuwa kandili ni moja.

Mimi nilikuwa wa saba.

Jioni, mwenye kahawa akishatua mdila wake barazani, swali lilikuwa hilo tu: umefika wapi? Hakuna aliyeuliza unasoma nini, maana kitabu kilikuwa hichohicho. Ulijibu kwa ukurasa, au kwa kusema Bwana Msa sasa anawasha kiko, basi. Aliyemaliza alitakiwa afunge mdomo mpaka wa mwisho amalize. Fundi cherahani alikimaliza kwa usiku mmoja, na kesho yake alikaa pale akitabasamu peke yake, hasemi kitu. Ami akamwambia kwa adabu ahamie baraza ya pili, kwa sababu uso wake unasema. Bibi yangu, yeye, alikataza jina la Giningi, mji wa wachawi, lisitajwe nyumbani baada ya magharibi, kwa hiyo tulikiita "kile cha kisima".

Wa sita alikuwa kijana wa nyumba ya tatu. Alikichukua Alhamisi. Jumapili asubuhi mlango wao umefungwa kwa kufuli nje. Miaka ile watu walikuwa wakiondoka usiku, na jahazi halimngojei mtu arudishe kitabu. Ami alifungua daftari, akalitazama lile jina, hakulikata.

Baadaye ikaja televisheni ya rangi, zikaja video, Ami akafariki. Riwaya ya Vuta N'kuvute ilipotoka mwaka 1999 tulibaki watatu wa kubishana Yasmin alipita uchochoro upi. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah akapewa Nobel, na baraza nzima ikawa "wa kwetu huyo, wa kwetu huyo". Nikauliza nani amefika wapi. Walicheka, wakidhani ni mzaha. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akatuletea Peponi, riwaya ya Gurnah, kwa Kiswahili, kwa hiyo hata kisingizio cha Kiingereza hakipo tena. Mjukuu wangu alikipiga picha, kikombe cha kahawa pembeni, akawatumia wenzake. Wamekisifia sana. Kurasa zake bado zimegandana kama zilivyotoka dukani.

Nami nilishanunua Kisima cha Giningi changu zamani, na nimekisoma mara tatu. Hakinuki kitu. Lakini wewe wa nyumba ya tatu, kama uko Muscat, au kama mwanao anakusomea haya, siku nne zimekwisha. Zamu ni yangu.