Barabara ya Greams na Bei ya Jicho Moja

Msafiri anayefika Chennai, mji mkuu wa Tamil Nadu kusini mwa India, hakawii kuutambua mtaa wa wagonjwa. Ni Barabara ya Greams, mwendo mfupi kutoka Msikiti wa Taa Elfu ulioupa mtaa jirani jina lake. Nyumba za wageni zimebanana, maduka ya dawa hayana haraka ya kufunga, na dereva wa bajaji humwuliza mgeni anakwenda hospitali gani kabla hajatamka neno. Utasikia Kibengali cha watu wa Bangladesh, Kiarabu, na mara moja moja, kwenye foleni ya chai, Kiswahili.

Mji huu una nasaba ndefu na tiba ya macho. Hospitali ya serikali ya macho iliyoko Egmore ilianzishwa mwaka 1819, na Sankara Nethralaya, ambayo Watanzania wengi wanaijua, mwaka 1978. Hata leza yenyewe ina mkono wa Chennai. Rangaswamy Srinivasan alisoma Chuo Kikuu cha Madras, jina la zamani la mji huu, kabla ya kuhamia Marekani. Mwezi Novemba 1981, akiwa mtafiti wa kampuni ya IBM, alibeba mabaki ya bata mzinga wa sikukuu hadi maabara na kuyapiga mwali wa leza. Mwali ule ulichonga bila kuunguza pembeni. Miaka miwili baadaye yeye na daktari wa macho Stephen Trokel wakaeleza namna ya kuutumia kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho.

Leo mwali huo unauzwa kwa mabango. Sisi tulikwenda kwa ajili ya goti la dada yangu, na binti yake, mwenye miaka 22 na miwani mizito tangu shule ya msingi, alifuatana nasi kumwuguza mama yake. Siku ya tatu akaja na karatasi mkononi. "Mjomba, ni nusu bei, na mwisho ni Jumamosi." Siwezi kumlaumu kijana aliyechoshwa na miwani inayofanya ukungu kila akitoka kwenye kiyoyozi.

Tulikwenda. Karani alikuwa mpole, na kila tulipouliza bei ilipanda. Nusu ile ilikuwa ya jicho moja. Ilihusu namba ndogo za miwani tu, na jicho ambalo mviringo wake hauna kasoro. Ilihusu njia ya zamani ya kukata utando wa konea kwa wembe. Anayetaka leza ikate na utando huo aongeze. Vipimo vilikuwa mbali, matone ya dawa mbali, na marudio baada ya siku ya kwanza mbali. Ikitokea namba kurudi, kusahihisha nako ni malipo mapya. Tulipojumlisha macho mawili, punguzo lilikuwa limeyeyuka karibu lote. Lililonishtua zaidi ni kwamba walitaka kishika nafasi kabla ya kupima chochote. Huko ni kuuza nguo bila kumpima mnunuzi, ila nguo hurudishwa dukani.

Tukaenda kulipia vipimo peke yake katika hospitali nyingine. Hapo daktari alitufanyia hesabu ambayo kila mzazi anaweza kuielewa. Konea ya watu wengi ina unene wa mikroni 540 hivi, na mikroni elfu moja ni milimita moja. Ya binti ilikuwa 470. Utando unaofunuliwa huchukua kama 110. Kila namba moja ya miwani huondoa takriban 14, na yeye alikuwa na namba 8, basi 112. Hubaki 248, ilhali madaktari hawapendi kushuka chini ya 250. Tena ramani ya konea ilionyesha sehemu ya chini inaanza kuchongoka. Jicho la namna hiyo likichongwa hulegea zaidi, na uoni unaweza kupotea kiasi ambacho miwani haitaurudisha. Jibu lilikuwa hapana, na ada ya vipimo ilikuwa ndogo kuliko kile kishika nafasi.

Msomaji anayejiandaa kwa safari kama hii aombe bei ya macho yote mawili kwa maandishi, ikiwa na vipimo, dawa, marudio na marekebisho. Ahesabu pia siku za kulala mjini, kwa sababu jicho hukaguliwa kesho yake na tena baada ya wiki. Anayevaa lenzi laini za machoni aziache wiki moja au mbili kabla ya kupimwa, la sivyo vipimo vitadanganya. Baba wa miaka 45 ajue kwamba leza ya kuona mbali haitamwondolea miwani ya kusomea. Na kwa kuwa mgonjwa huambiwa asiingize maji machoni siku kadhaa, suala la udhu ni vema likaulizwa kwa shekhe kabla ya kupanda ndege.

Binti alinyamaza njia nzima. Jioni ile, kwenye duka moja la miwani karibu na msikiti, alichagua fremu nyepesi yenye lenzi zilizopunguzwa unene, akamwomba mwenye duka apunguze bei. Alipunguza kidogo.