Unga wa Kapsuli Juu ya Donda

Kijana wa Kakese, kule Mpanda, akijikata kwa jembe kwenye majaruba ya mpunga hahangaiki. Anapita duka la dawa, ananunua kapsuli mbili za rangi mbili, moja anaimeza, ya pili anaifungua na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda, kisha anarudi kwenye tope lile lile. Wiki zinapita, donda linanuka, mguu umevimba, naye anaanza kutafuta nani kamloga.

Simcheki. Sisi tuliokua Mpanda ikiwa bado mkoa wa Rukwa, maana Katavi imezaliwa 2012, hatukumzidi akili. Tulikuwa na uhaba tu, na uhaba una nidhamu yake. Dawa ilikaa kabatini zahanati, ufunguo mfukoni mwa mganga. Ukiandikiwa sindano za penisilini, tulizoziita PPF, ulirudi kila siku mpaka ziishe. Ukikosekana, mama yako aliulizwa mbele ya watu. Donda nalo halikupakwa dawa hivi hivi. Lilioshwa kwa maji ya chumvi, likasuguliwa kwa chachi hadi nyama hai ionekane, wewe unapiga kelele na shangazi amekukalia miguu. Muuguzi aliyelisugua tulimwona katili.

Leo wataalamu wanamtetea. Bakteria wakishatulia kwenye donda, kwenye mfupa au kwenye mpira wa mkojo, hawabaki wakielea mmoja mmoja. Hushikamana, wakatoa ute, wakajifunika utando. Ukitaka kuwajua, pitisha kidole ndani ya dumu la maji lisilosuguliwa: ule utelezi ndio wao. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montana State, Marekani, walichunguza vidonda sugu 50 wakakuta utando huo katika 30. Katika vidonda vipya 16, waliuona kimoja tu.

Ndani ya utando dawa hupenya kwa shida. Walio chini kabisa, penye hewa na chakula kidogo, hulala. Na antibayotiki nyingi humuua bakteria anayekula na kuzaana, si aliyelala. Ndiyo maana aliyemeza vidonge hupata nafuu, akaacha, kisha usaha ukarudi. Mbaya zaidi, dozi pungufu huua wanyonge na kuwaachia uwanja wenye usugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini 1928, alionya hivyo mwenyewe alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Kwa hiyo daktari anayejua kazi yake husafisha kwanza, hukata nyama iliyooza, huchomoa mpira, ndipo aanze dawa. Mfupa ukishaingiliwa, dawa huchukua wiki kadhaa, mara nyingi sita.

Tena nchi hii, Tanzania, ndiyo iliyowafundisha wengine kumaliza dawa. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza 1977, na kazi ya mtaalamu wa kifua kikuu, Dk. Karel Styblo, hapa nchini, ya mgonjwa kumeza dawa mbele ya mhudumu, ilikuja kuwa mfano ambao Shirika la Afya Duniani liliusambaza miaka ya 1990. Sasa mjukuu wa nchi hiyo hiyo anasema dirishani, "Nipe za buku." Hela imekuwa ndiyo daktari.

Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma 2003, siyalaumu. Kabla yake watu wa vijijini walifia njiani. Namlaumu anayeuza nusu dozi akijua ni nusu. Nawalaumu pia wafugaji wenzangu wanaomdunga ng'ombe antibayotiki ya oksitetrasaiklini asubuhi, na jioni wakauza maziwa yake yakiwa bado na dawa. Hilo ni kosa la wazee, vijana wamelikuta.

Serikali ina mpango kazi wa usugu wa vimelea dhidi ya dawa tangu 2017. Mpango huo haufiki jarubani bila diwani kuusema kwenye mkutano wa kijiji, kwa sauti, kabla ya msimu wa kulima. Nawe mjukuu wangu, donda likipita wiki mbili usinunue kapsuli nyingine. Nenda hospitali lisafishwe, uombe usaha uoteshwe maabara wajue ni dawa gani inayowaua wadudu hao, na dozi utakayopewa uimalize hata kama donda limeshakauka.