Pasaka Katika Milima ya Taita

Wasafiri wengi watokao Mombasa kwenda Nairobi huiona milima ya Taita upande wa kushoto, imesimama katika nyika kama visiwa baharini, nao huipita na kuisahau. Hiyo ni hasara yao. Milima hiyo ni nchi ya baridi, ya maji na ya mboga, wala haiko mbali. Mtu aondokaye pwani asubuhi aweza kulala huko usiku ule ule, tena chini ya mablanketi mawili.

Katika siku kuu ya Pasaka ya mwaka 2023, karani mmoja wa Mombasa aliwachukua mkewe na watoto wao wawili, wakaenda kukaa huko siku nne, tangu Ijumaa Kuu hata Jumatatu. Mwenyeji wao alikuwa rafiki aliyesoma naye katika shule ya bweni, ambaye sasa ni mkulima upande wa Werugha, chini ya msitu wa Ngangao. Kwa miaka mingi marafiki hao wawili walikuwa wakipeana salamu na ahadi tu.

Walipanda gari la moshi huko Miritini, katika reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Baada ya Mariakani minazi ilikoma, wakaingia nyika ya Taru. Nchi hiyo ilikuwa imepatwa na ukame mkali tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, na majira matano ya mvua yalifuatana bila kuleta maji ya kutosha. Mwezi wa Novemba 2022 Serikali ilitangaza kwamba katika muda wa miezi tisa tembo 205 walikuwa wamekufa nchini Kenya kwa sababu ya ukame huo. Sasa masika yalikuwa yameanza, na majani mabichi yalikuwa yakichipua kandokando ya reli, ingawa miti mingi ilikuwa ingali mitupu.

Kutoka stesheni ya Voi walipanda matatu kufuata barabara ya Taveta. Barabara hiyo huenda karibu na reli ya zamani, iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza ili kupeleka askari na mizigo kwenye mapigano ya mpakani. Kandokando ya Mwatate yapo mashamba makubwa ya katani, mistari yake imenyoka kama iliyopigwa kwa rula. Hapo Mwatate gari liliiacha barabara ya Taveta, likaanza kupanda mlima.

Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari, na kilele cha Vuria kimepita mita 2,200. Kwa hiyo kila kona ya barabara ilibadili hewa. Katani iliachwa chini, ikaja migomba. Baada ya migomba ikaja miparachichi, na matuta ya mahindi na maharagwe yaliyopangwa ubavuni mwa mlima kama ngazi. Walipofika Wundanyi ukungu ulikuwa umeteremka hata barabarani, na watoto wa Mombasa, ambao hawajapata kuvaa sweta katika maisha yao, waliomba kuvishwa shuka za mama yao.

Mwenyeji aliwangoja sokoni, akawachukua hata nyumbani kwake. Mama yake mzee alikuwa ameketi mlangoni. "Shikamoo, mama," wageni wakasema, naye akawajibu "Marahaba, wanangu," akawauliza habari za njia, za watoto, na za wazee wao wa pwani mmoja mmoja, kabla ya kuwaruhusu waingie. "Karibu, shemeji, usione haya, hapa ni kwenu," mke wa mwenyeji akamwambia mgeni, akaandaa kimanga, yaani muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, na maziwa ya mgando kando yake.

Jumamosi, kabla ya jua kuchomoza, wanaume wawili walikwenda kwa pikipiki mpaka kilele cha Vuria. Asubuhi ikiwa safi, mtu akisimama hapo hutazama nyika ya Tsavo pande zote, na upande wa magharibi huuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Njia ya milima hiyo ndiyo aliyoipita mmisionari Johannes Rebmann, naye aliiona theluji hiyo tarehe 11 Mei 1848. Alipoandika habari hizo, baadhi ya mabingwa wa Ulaya hawakumsadiki, wakisema kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Wenyeji wa Taita hawakuwa na haja ya kubishana, kwani waliuona mlima huo kila siku.

Waliporudi, mwenyeji aliwaongoza wageni wote hata ukingo wa msitu wa Ngangao. Upepo utokao Bahari ya Hindi huvuka nyika yote bila kukutana na kizuizi kikubwa, mpaka ugonge milima hiyo. Hapo hulazimika kupanda. Ukipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Hata siku isiyo na mvua, majani ya msitu huunasa ukungu, nao hudondoka chini tone kwa tone. Ardhi ya msituni, iliyojaa majani yaliyooza, huyanywa maji hayo polepole na kuyatoa polepole kwenye chemchemi. Kwa sababu hiyo mito ya huko huweza kutiririka hata wakati nyika iliyo chini imekauka.

Zamani msitu ulifunika sehemu kubwa ya vilele hivyo. Sasa vimebaki vipande vidogo, kama Ngangao, Mbololo na Chawia. Ndani yake wamo viumbe wasiopatikana mahali pengine po pote duniani, kama yule ndege wa Taita mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa. Katika Mbololo huota porini ua dogo la zambarau, jamaa ya maua yanayopambwa madirishani huko Ulaya. Wazee wa Kitaita walikuwa na namna yao ya kuhifadhi miti: mahali patakatifu paitwapo fighi hapakuguswa kwa shoka wala kwa moto, na mtu hakuingia ovyo.

Chini ya msitu huo ipo chemchemi, na kutoka hapo mfereji uliochimbwa kwa mkono huteremka mashambani kwa nyumba kumi na nne. Mzee mmoja aliyekuwa akiuzibua alimwuliza mtoto mdogo wa mgeni, "Je, bwana mdogo, kwenu Mombasa maji hutoka wapi?"

"Kwenye mfereji," mtoto akajibu.

Mzee alifurahi, akidhani kwamba Mombasa nako watu huchimba mifereji. Ikambidi baba wa mtoto aeleze kwamba kwa watu wa mjini mfereji ni ule wa chuma, wa kufungua kwa mkono. Kisha akamweleza mwanawe kwamba hata maji ya bomba yana kwao: sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, katika kaunti hii hii ya Taita na Taveta, na maji ya Mzima ni mvua iliyonyeshea vilima vya Chyulu na kupita chini ya miamba.

Lakini furaha ya hapo chemchemini ilikuwa na uchungu ndani yake. Juu kidogo ya maji, katika shamba la mwenyeji, ilisimama mikaratusi sitini, iliyopandwa na marehemu baba yake. Mkaratusi hukua upesi na huleta fedha, lakini hunywa maji mengi. Maofisa wa misitu wamewaonya watu kwa miaka mingi wasiupande karibu na chemchemi, na mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru iliyopandwa penye maji iondolewe. Miti ile ilikuwa imebaki. Katika ukame wa 2022 maji ya mfereji yalizifikia nyumba tano tu.

Alasiri ile wenye mfereji walikutana. Mgeni aliketi kando kimya, kwani mgeni hana neno katika baraza la wenyeji. Mwenyeji alisema, "Wazee wangu, siikatai haki yenu. Lakini miti hii ndiyo karo ya binti yangu. Nikiikata leo ni nyembamba. Haitafika bei ya nguzo. Miaka miwili zaidi ndiyo ningeuza."

Mwanamke mmoja, ambaye shamba lake ni la mwisho kabisa katika mfereji, alijibu kwa upole, "Ndugu yangu, na mimi nina binti. Mwaka jana kabichi zangu zilikauka zote, akarudishwa nyumbani muhula mzima."

Kimya kikawa kirefu. Mwishowe walipatana hivi: miti thelathini iliyo karibu zaidi na maji ikatwe mara moja, na watu wa nyumba zote kumi na nne waikate na kuibeba bila malipo mpaka barabarani, ili mwenyewe asipate hasara ya kazi juu ya hasara ya bei. Ile mingine isimame mpaka binti amalize shule, kisha nayo iondolewe. Mwenyeji alikubali, ingawa uso wake ulionyesha kwamba hesabu ya karo haijatimia.

Jumapili hapakufanywa kazi. Dini ya Kikristo ina miaka mingi katika milima hiyo: wamisionari wa Kianglikana walifika Sagalla mwaka 1883, na Wakatoliki wakajenga Bura mwaka 1892. Kanisa lilijaa hata nje, watu wakaimba kwa Kitaita na kwa Kiswahili, na baadaye kuku watatu wakachinjwa kwa ajili ya wageni.

Waswahili husema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenyeji alimwambia rafiki yake kwa mzaha kwamba Pasaka imemwokoa siku ya tatu, lakini haitamwokoa ya nne. Jumatatu alfajiri akampa jembe kweli. Wanaume wa nyumba kumi na nne walikuja na mashoka na misumeno, na kabla ya saa nne miti thelathini ilikuwa chini. Kisiki cha mkaratusi huchipua tena kisipoangaliwa, kwa hiyo vijana waligawiwa visiki vya kulinda na kukata machipukizi yake. Karani alichimba mashimo pamoja na wanawake na watoto, wakapanda miche ya mikuyu na ya miti mingine ya asili kutoka kitalu cha jirani. Saa sita viganja vyake vilikuwa na malengelenge, na mama mzee alimpaka mafuta akimcheka.

Jioni wageni waliteremka kwenda Voi na gunia la kabichi, mkungu wa ndizi na parachichi zisizohesabika. Karani naye alimwachia rafiki yake bahasha yenye fedha kidogo kwa karo ya muhula uliokuwa ukija. Mwenyeji alikataa mara mbili, kama adabu ipasavyo, na mara ya tatu akaipokea kwa mikono miwili.

Mikuyu ile haitakuwa miti mikubwa kwa miaka mingi, na labda wale walioipanda hawatakaa kivulini mwake. Lakini mtu wa mjini aendaye milimani kwa siku chache, akala vya wenyeji na kunywa maji yao, ana deni. Afadhali alilipe kwa jembe wakati angali huko, kuliko kwa maneno mazuri baada ya kurudi nyumbani.