Rusumo, mji mdogo unaowasha taa za nchi tatu

Malori yanayotoka Dar es Salaam yakifika Tinde, mkoani Shinyanga, hugawana njia. Mengine hushika ya Mwanza, mengine hukata kushoto kwenda Kahama, Ushirombo, Nyakanazi na Benaco. Hayo ya pili safari yake ndani ya Tanzania huishia Rusumo, wilayani Ngara, ukingoni mwa Mto Kagera. Ng'ambo ya daraja ni Rwanda.

Kwa familia ya Shinyanga au Geita inayotafuta pa kwenda wakati wa likizo, Rusumo ni darasa tosha. Watoto wataona magari yakihama kutoka kushoto kwenda kulia mwa barabara, kwa kuwa Rwanda huendesha kulia. Saa nazo hubadilika: ikiwa saa saba mchana Tanzania, ng'ambo ni saa sita.

Karibu na daraja kuna maporomoko, na hapo pana bwawa la umeme la megawati 80. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 kwa mradi huo mwaka 2013. Umeme wake hugawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Sehemu ya Tanzania husafiri kwa nyaya hadi Nyakanazi, ambako huunganishwa na njia ya Geita. Mtoto anayesoma usiku Katoro anaweza kuwa anasomea maji ya Kagera.

Mji wenyewe huishi kwa malori. Madereva na utingo husubiri nyaraka, mama lishe hupakua wali na maharage, wabadilisha fedha huhesabu noti. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe mwaka 2016, ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika mahali pamoja.

Lakini mtoto mkubwa anaweza kuuliza swali zito. Mwishoni mwa Aprili 1994, Rwanda ikiwa katika vita na mauaji ya kimbari, watu wapatao 250,000 walivuka hapa kwa muda wa kama saa 24. Mto ulikuwa ukibeba maiti. Benaco, ambako leo malori hupumzika, ikawa moja ya kambi kubwa za wakimbizi duniani.

Mzazi usilikwepe swali hilo. Mdogo anatosheka kuambiwa kwamba watu walikimbia hatari na majirani wakawapokea. Mkubwa aelezwe ukweli: jirani alifundishwa kumchukia jirani, mpaka akamuua. Kisha msimame pamoja mtazame maji. Ni mto uleule. Leo nchi tatu zinagawana nguvu yake bila kupigana.

Mkitaka kuvuka, kila mmoja awe na hati yake ya kusafiria, hata mtoto mchanga. Na karibu na maji, mkono wa mtoto usiuachie.