Taa Moja, Kazi Mbili

Jioni mzazi humwuliza mtoto wake, "Umemaliza kazi uliyopewa na mwalimu?" Mtoto akijibu, "Nimemaliza, baba," basi mambo yamekwisha. Mtoto hufunga daftari, mzazi huridhika, na nyumba nzima hulala. Wazazi tulio wengi hatuulizi swali la pili, nalo ni hili: "Je, na kazi yako mwenyewe?"

Kazi yake mwenyewe ni ipi? Ni kudurusu. Ni kuyarudia yale aliyofundishwa juzi, na wiki iliyopita, na mwaka uliopita, ambayo leo hapana mtu anayemwuliza, lakini siku ya mtihani ataulizwa. Kazi ya mwalimu na kazi ya kudurusu si kitu kimoja, ingawa zote mbili hufanywa juu ya meza ile ile. Nataka kueleza jinsi jambo hili lilivyonidhihirikia hapa Unguja mjini, wakati wa giza.

Wasomaji wa bara huenda hawalikumbuki giza hilo. Umeme wetu hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwezi wa Mei 2008 ulikatika, tukakaa gizani kiasi cha mwezi mmoja. Kisha mwezi wa Desemba 2009 ukapata hitilafu tena, na mara hii tulikaa miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Miezi mitatu, mji mkubwa bila taa! Wenye fedha walinunua jenereta, na vichochoro vya Mji Mkongwe vikavuma usiku kama mashine ya kusaga. Maji nayo yakaadimika, maana pampu zaendeshwa kwa umeme. Watoto wakitoka skuli walishika madumu kwanza, madaftari baadaye.

Wakati huo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayekaa shamba upande wa Kitope, alikuwa akisoma mjini na kulala kwangu Kiponda. Januari 2010 akaingia kidato cha nne. Nyumbani tulikuwa na taa moja ya chemni ya kusomea, na mafuta niliyapima: kuanzia saa moja na nusu usiku mpaka saa tatu na nusu, haizidi. Katika muda huo walisoma mpwa wangu, binti yangu wa darasa la tano, na binti wa jirani, maana taa ya kwao ilikuwa ya jikoni.

Siku za kwanza nilikaa nikiwatazama. Mpwa wangu alianza na hesabu za mwalimu, akaenda kwenye insha ya Kiingereza, akaishia kwenye ramani ya Jiografia. Walimu watatu, kila mmoja akitoa kazi kana kwamba mtoto ni wake peke yake. Mafuta yakaisha, ramani haijaisha, na yale ya kidato cha tatu hayakuguswa. Usiku mmoja nilimwuliza kwa mdomo mambo mawili matatu ya mwaka uliopita. Alinitazama kama mtu aulizwaye habari za mwezini.

Aliyetuonyesha njia ni yule binti wa jirani. Wao ni Waislamu, na kila alasiri alikwenda chuoni. Nikamwuliza wasomavyo huko. Akasema, "Mwalimu hanipi aya mpya, mzee, mpaka kwanza nimsomee za jana." Alilisema kama jambo dogo tu, kisha akainamia daftari lake. Mimi usingizi uliniruka. Kumbe chuoni la zamani hutangulia na jipya hufuata. Skuli jipya huja kila siku, na la zamani halina zamu.

Basi nikatoa sheria. Nusu saa ya kwanza ya taa ni ya kudurusu, iliyobaki ni ya kazi za walimu. Najua watu wengi wangepanga kinyume: ya mwalimu kwanza, ya kwako ikibaki nafasi. Lakini nafasi haibaki kamwe. Kazi ya mwalimu ina mlinzi. Mtoto asipoifanya ataulizwa kesho asubuhi, kwa hiyo hata akichoka, hata taa ikififia, atajikokota aimalize. Kazi ya kudurusu haina mlinzi. Ukiiweka mwisho, ndiyo itakayoachwa, wala mtu hatajua mpaka siku ya mtihani.

Wiki ya pili likazuka jambo. Mpwa wangu alikwenda skuli na hesabu sita badala ya kumi, akaadhibiwa. Habari zikafika Kitope upesi. Jumamosi dada yangu akashuka kwenye daladala na kikapu cha mihogo, akaingia, na kabla hajaketi akasema, "Kaka, nilikuletea mtoto asome, sikukuletea mtoto wa kufanyia majaribio. Mtoto anapigwa kwa ajili ya sheria yako."

Nilimwambia kwamba hesabu zile sita zote zilikuwa sahihi, na kwamba zamani alikuwa akipeleka kumi na kupata tatu. Hakuridhika, na mimi simlaumu. Fimbo huiona mama kabla ya mtu mwingine yeyote. Akamwita kijana. "Wewe wasemaje?"

Kijana akakuna kichwa. "Mama, nusu saa asiniondolee. Mjomba aniondolee maji."

Sote tulicheka, hata dada. Kuanzia Jumatatu nikashika madumu mimi. Mtu mzima mwenye mvi kupanga foleni kisimani pamoja na watoto, majirani walipata la kusema. Lakini kijana alipata kiasi cha saa moja ya mwanga wa jua kila alasiri, pale barazani, na hesabu zikatimia kumi.

Lakini nusu saa ni kidogo, nayo huliwa na kutafuta. Hili ndilo ninalotaka wazazi walitazame sana. Mpwa wangu, kama wanafunzi wengi, alikuwa na kaunta buku moja nene ya masomo yote. Biolojia ukurasa huu, Historia ukurasa ule, na katikati barua aliyoanza kumwandikia mama yake. Usiku wa kwanza wa sheria alitaka kudurusu habari za moyo na mishipa ya damu. Nilimpigia saa: dakika kumi na mbili anafunua kurasa tu. Dakika kumi na mbili za mafuta!

Jumapili baada ya Misa tulilitoa lile buku barazani. Akazitia kurasa zote namba kwa kalamu, toka mwanzo hata mwisho. Kurasa nne za nyuma zilikuwa hazijaandikwa, tukazifanya fihirisi: Biolojia, moyo, ukurasa wa 31, Historia, biashara ya misafara, ukurasa wa 58, hivyo hivyo mpaka yote yakapata mahali. Kazi hiyo ilitumia mchana mzima, na usiku ule ule alifungua alichotaka papo hapo.

Buku jipya lilipoanza tukaongeza jambo. Ya ubaoni yaandikwe ukurasa wa kulia tu. Wa kushoto uachwe mtupu, uwe wake: hapo huandika maneno yale yale kwa Kiswahili chake, au swali lililomshinda, au mahali alipokosea kwenye kazi ya nyumbani. Mke wangu aliona ni kuharibu karatasi, na kweli buku liliisha upesi. Lakini ukurasa ule wa kushoto ndio uliozifunganisha zile kazi mbili: kosa la kazi ya mwalimu leo likawa somo la kudurusu kesho.

Tena kila habari iandikwe imetoka wapi: ubaoni, au kitabuni, ukurasa fulani, au kwa mwenzake. Mpwa wangu aliona huo ni usumbufu, nami nikamsimulia habari za Padre Charles Sacleux. Huyu alikuwa Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyekaa Bagamoyo na Unguja katika karne ya 19, akikusanya maneno ya Kiswahili. Mwaka 1891 kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilichapishwa hapa hapa Unguja. Kisha alirudi Ulaya. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939, yeye akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, na ina zaidi ya kurasa elfu moja. Ndani yake ameonyesha neno hili ni la Unguja, hili la Mombasa, hili la Lamu, hili la Ngazija. Asingaliandika asili ya kila neno, angewezaje kulipambanua miaka 40 baadaye, mbali na wasemaji wake? Kijana alinyamaza, na toka siku ile akaandika "ubaoni" au "kitabuni" bila kusukumwa.

Umeme ulirudi mwezi wa Machi. Msomaji asidhani ndipo tulipopata raha. Taa isiyopimwa haina mwisho, na jambo lisilo na mwisho huahirishwa. Televisheni ikaanza kunena, na nusu saa ikawa "baadaye kidogo". Nikasema taa ya mezani itazimwa saa tatu na nusu kama tulipokuwa na chemni, nikaizima kweli. Alinuna siku mbili. Mtihani wa mwaka ule alifaulu. Biolojia vizuri sana, hesabu kwa taabu.

Mwaka 2013 ulilazwa waya mpya wa megawati 100, na miezi mitatu ya giza haijarudi tena. Siku hizi yuko kwangu mdogo wake. Huyu shida yake ni nyingine. Wenzake hupiga picha madaftari kwa simu na kutumiana kwa wasapu, naye huziomba kwenye simu ya shangazi yake, mke wangu. Juzi tulizihesabu pamoja: zaidi ya picha mia mbili, hazina somo, hazina tarehe, nyingine zimepinda hazisomeki. Nikamwambia achague moja kila jioni, ile aliyoihitaji kweli, aiandike kwa mkono wake ukurasa wa kulia, aitie namba na kuiingiza kwenye fihirisi, na simu irudi kwa mwenyewe kabla ya saa mbili.