Nani Atasema kwa Ajili ya Bihambwe?

Kongo ilipopiga kura Desemba 2023, eneo la Masisi halikupiga. Kwa sababu ya vita, Tume ya Uchaguzi ililiweka kando pamoja na Rutshuru na Kwamouth. Kwa hiyo mchimba koltani wa Bihambwe, huko Masisi, hana mbunge aliyemchagua katika bunge hili. Kamati ikiketi Kinshasa kuzungumzia madini, habari zake zinafika kwa njia gani? Swali hilo ndilo lililonifundisha, kama mtafiti, kwamba utafiti wangu hauishi siku unapochapishwa.

Bunge letu limewahi kuonyesha nguvu ya karatasi. Tume ya Christophe Lutundula ilichunguza mikataba iliyotiwa saini wakati wa vita vya 1996 hadi 2003: nani alisaini, lini, kwa masharti gani. Ripoti ilikabidhiwa Juni 2005, wabunge wakagawiwa Februari 2006 tu. Hata hivyo, serikali ilipoanza kuipitia upya mikataba ya madini mwaka 2007, msingi ulikuwa umeshawekwa.

Kinyume chake ni mwaka 2010, karatasi ilipochelewa. Julai Marekani ilipitisha sheria ya madini ya vita. Septemba rais wetu wa wakati huo akasimamisha uchimbaji wa mikono Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Familia zilizokula kwa jasho la mashimo zilibaki mikono mitupu. Barua ya wazi ya wasomi na wataalamu kuhusu madhara ya hatua hizo ilitoka 2014. Barua ile ilisema kweli, na naiheshimu, lakini miaka minne ni mingi kwa mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo.

Ndiyo maana naishi kwa kalenda ya bunge. Kikao cha Machi huanza tarehe 15 na kuisha 15 Juni. Cha Septemba, ambacho ni cha bajeti, huanza 15 Septemba hadi 15 Desemba. Karatasi ya bajeti ifike Agosti, na ifike pia kwa wasaidizi wa kamati, wale wanaoandaa mafaili. Katiba, ibara ya 138, inaruhusu kamati kuwaita watu na kuwasikiliza. Mtafiti asiyejulikana na mtu pale haitwi.

Jambo moja silegezi kamwe. Tangu waasi wa M23 waiteke Rubaya, jirani na Bihambwe, mwisho wa Aprili 2024, mtu wa Bihambwe akitajwa jina, au hata shimo lake, anaweza kulipa kwa uhai wake. Mheshimiwa akiniuliza, “Nani alikwambia?”, nitamweleza nilivyohakiki habari, si nani alinipa. Afadhali ushahidi wangu uonekane mwembamba.

Mbunge hana muda wa kusoma tasnifu. Anahitaji swali ambalo waziri hawezi kulikwepa, na nimeshaliandika. Koltani ilitangazwa madini ya kimkakati Novemba 2018, mrabaha wake ukawa asilimia 10. Sheria ya madini ya mwaka huohuo inagawa mrabaha huo: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 utawala wa mahali penye mgodi, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Basi ile asilimia 15 ya mashimo ya Bihambwe na Rubaya, kuanzia 2019 hadi vita vilipofika, ililipwa kiasi gani, ikapokelewa na nani, na ilijenga nini?