Barabara ya Uxbridge: Mahali ilipozaliwa ngurumo ya gitaa

UKIJALIWA kufika London, msomaji, usitosheke na kasri la Buckingham na saa ya Big Ben kama wafanyavyo wageni wengi. Itenge siku moja uende magharibi mwa jiji, kwenye barabara ndefu iitwayo Uxbridge Road. Hutaona kasri huko wala mnara. Utaona vinyozi, maduka ya vyakula, mabasi mekundu na watu wanaohimiza shughuli zao. Hata hivyo, ni kando ya barabara hii ambapo mwaka wa 1962 mafundi wachache waliunda kwa mikono yao chombo kilichogeuza muziki wa gitaa duniani kote.

Chombo chenyewe ni amplifaya ya valvu, lile sanduku linalopokea sauti hafifu ya gitaa la umeme na kuikuza hadi ukumbi mzima ukatikisika. Vijana wa siku hizi wamezoea vyombo vya kompyuta vinavyoiga kila aina ya sauti. Lakini wapo wapiga gitaa, tena wengi, ambao wako radhi kuweka akiba kwa miaka ili wanunue sanduku moja tu lililolehemiwa waya kwa waya na fundi wanayemjua kwa jina. Ukitaka kujua sababu, panda treni.

Safari yenyewe

Safari hii ni rahisi. Kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow, abiri treni ya Elizabeth Line inayoelekea katikati ya jiji. Utapita Hayes, kisha Southall, kisha Hanwell, na baadaye kidogo utafika Ealing Broadway.

Usiipuuze Hayes. Hapo ndipo palipokuwa na kiwanda kikuu cha kampuni ya Gramophone, wenye nembo ya His Master's Voice. Ni nembo hiyo hiyo iliyorekodi sauti ya Siti binti Saad kule Bombay mwaka wa 1928. Mwaka wa 1931 kampuni hiyo iliungana na Columbia, ikazaliwa EMI. Kumbuka jina hilo, tutalirudia.

Southall ni mji wa Wapunjabi. Usishangae mzee mwenye kilemba akikuamkia kwa Kiswahili safi, maana familia nyingi zilizohama Kenya miaka ya mwisho ya 1960 zilikuja kuishi hapa. Kula sambusa, kunywa chai, kisha uendelee.

Kabla tu ya kufika Hanwell, treni hupita juu ya daraja refu la matofali lenye matao manane, liitwalo Wharncliffe. Lilibuniwa na mhandisi Isambard Kingdom Brunel katika miaka ya 1830, na mpaka leo linabeba treni. Shuka Hanwell, tembea dakika chache hadi Uxbridge Road na uulizie nambari 76. Duka la ala za muziki lililokuwa hapo halipo tena, ila kipo kibao cha kumbukumbu cha mtu aliyeitwa Jim Marshall.

Mpiga ngoma na mafundi wake

Marshall alizaliwa mwaka wa 1923. Utotoni aliugua kifua kikuu cha mifupa, akalazwa hospitalini miaka mingi akiwa amefungwa plasta kuanzia vifundoni hadi makwapani. Masomo yakampita. Alipokua alijifunza kupiga ngoma, kisha akawa mwalimu wa ngoma. Mmoja wa wanafunzi wake, Mitch Mitchell, ndiye aliyekuja kumpigia ngoma Jimi Hendrix.

Mwaka wa 1960 Marshall alifungua duka lake pale nambari 76. Aliuza ngoma tu. Lakini wapiga ngoma walikuja na wenzao wapiga gitaa, na hao wakaanza kulalamika: “Mbona huuzi na vitu vyetu?” Miongoni mwao alikuwa kijana wa mtaa jirani wa Ealing, Pete Townshend, ambaye baadaye alipata sifa na bendi ya The Who. Marshall aliwasikiliza, akaagiza magitaa na amplifaya.

Hapo tatizo likajitokeza. Amplifaya iliyopendwa ilikuwa Bassman, iliyotengenezwa California na Leo Fender, ambaye mwenyewe alianza maisha kwa kutengeneza redio mbovu. Bidhaa hiyo kutoka Marekani ilikuwa ghali mno kwa vijana wa Hanwell. Isitoshe, vijana wenyewe walitaka sauti nzito na kali zaidi.

Dukani kulikuwa na fundi wa kurekebisha vyombo, Ken Bran. Yeye akamwita Dudley Craven, kijana wa miaka 18 hivi aliyekuwa mwanagenzi wa EMI kule Hayes, na mwenzao Ken Underwood. Walichukua muundo wa Bassman wakauiga, lakini kwa vipuri walivyoweza kuvipata Uingereza. Baada ya muda mfupi wakawa wanatumia valvu za aina ya KT66, zilizotengenezwa Hammersmith, papo hapo magharibi mwa London. Sauti ikatoka tofauti na ile ya Marekani. Uhaba wa vipuri ukawa umewapa sauti yao wenyewe.

Marshall alisimulia kwamba alizikataa za kwanza tano, akaikubali ya sita. Alisema pia kwamba siku ya kwanza walipoionyesha, wateja 23 waliagiza zao. Iliitwa JTM45, herufi za mwanzo zikisimama kwa Jim na mwanawe Terry. Mwaka wa 1964 walifungua kiwanda kidogo huko Hayes, na mwaka uliofuata, Townshend alipodai nguvu zaidi, ikatoka amplifaya ya wati 100.

Ukiendelea kituo cha Ealing Broadway, mkabala na stesheni, utaona kijia kinachoteremka kwenye ukumbi wa chini ya ardhi. Ndipo ilipokuwa Ealing Club, ilipofunguliwa Machi 1962, na hapo ndipo Mick Jagger na Keith Richards walipokutana na Brian Jones. Kutoka duka la Marshall hadi klabu hiyo ni safari fupi ya basi nambari 207. Mafundi na wanamuziki walikuwa majirani, na malalamiko ya Jumamosi usiku yalifika kwa fundi Jumatatu asubuhi.

Siri iliyo ndani ya sanduku

Sasa, msomaji, valvu ni nini hasa? Ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna waya unaopashwa moto mpaka ukawaka rangi ya chungwa. Joto hilo hutoa chembe za umeme, nazo huvutwa kwa nguvu na bamba lililo upande wa pili. Katikati umewekwa wavu mwembamba. Sauti dhaifu ya gitaa hufika kwenye wavu huo na kuwa kama bawabu, ikiongeza na kupunguza chembe zinazopita. Hivyo mnong'ono mdogo huongoza mto mkubwa wa umeme.

Transista hufanya kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu na bila joto kubwa. Tofauti huonekana chombo kinapozidiwa. Transista ikizidiwa hukata sauti ghafla, masikio yakakwaruzwa. Valvu hulegea polepole, sauti ikanenepa na kuvuta kama ya mwimbaji aliyezama katika wimbo wake. Wahandisi wa zamani waliihesabu hali hiyo kuwa kasoro. Vijana waliipenda, wakafungua sauti hadi mwisho.

Ukitaka kulihisi jambo hili mwenyewe, rudi kwenye treni ile ile hadi Tottenham Court Road. Karibu na hapo ni Denmark Street, ambako bado yapo maduka ya magitaa. Omba kwa adabu ujaribu. Utawasha swichi ya kwanza na kungoja valvu zipate moto, kisha ya pili. Gusa uzi taratibu, sauti itakuwa safi kama kengele. Upige kwa nguvu, itanguruma, bila wewe kugusa kitufe chochote. Chombo hukujibu kwa kadiri ya mkono wako. Ndiyo maana mpiga gitaa mwenye amplifaya kama hii hujifunza kupiga kwa utulivu, kwani haifichi makosa yake.

Ukitaka kumiliki

Si mali ya mwenye haraka. Kwanza ni nzito: kubwa zake hufika kilo 30 na zaidi. Pili, valvu huchakaa kama balbu na lazima zibadilishwe, na siku hizi viwanda vinavyozitengeneza ni vichache, hasa Slovakia, Urusi na China. Tatu, ndani mna umeme wa volti 400 na zaidi, ambao unaweza kubaki ndani hata baada ya kung'oa plagi. Umeme huo huua. Kufungua mwachie fundi.

Ukiletewa nyumbani Kenya, ya Uingereza itakubali umeme wetu wa volti 240. Ya Marekani iliyoundwa kwa volti 120 itaungua mara moja usipotumia transfoma. Na kwa kuwa stima yetu hupanda na kushuka, nunua kifaa cha kuituliza.

Bei ndiyo inayotisha. Fundi Alexander Dumble wa California, aliyefariki mwaka wa 2022, alitengeneza takriban 300 tu maishani, akichagua mwenyewe nani amuuzie. Leo moja huuzwa zaidi ya dola 100,000. Lakini usiikazie macho bei hiyo ya watoza ushuru wa sifa. Faida ya chombo cha mkono ni nyingine: kila kiungo chake kinaonekana na kinaweza kubadilishwa. Kikiharibika baada ya miaka 40, fundi atatafuta kipuri kimoja, atakilehemu, nacho kitaimba tena. Vyombo vingi vya kisasa vikiharibika huishia jalalani.

Funzo kwetu

Jim Marshall alifariki mwaka wa 2012 akiwa tajiri wa kutajika. Watu huona utajiri huo wakasahau ulikoanzia: duka la mtaani, fundi wa kurekebisha, na kijana mwanagenzi aliyejua kulehemu. Waliiga, lakini hawakuishia kuiga. Waliwauliza majirani zao wanataka sauti gani, wakarudia kazi mara sita mpaka wakaipata. Mcheza kwao hutuzwa.

Sisi tuna Kamukunji na Gikomba, na katika kila mji yupo fundi aliyezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo. Mikono anayo. Kinachomtoa fundi kwenye kurekebisha hadi kubuni ni wateja wanaorudi kumwambia ukweli na kumlipa ajaribu tena. Kwa hiyo, mzazi, mwanao akifungua redio mbovu ya nyumbani kutazama kilichomo, hakikisha tu kwamba ameichomoa kwenye stima na kuna mtu mzima anayejua kazi hiyo pembeni yake. Kisha mwache atazame.